Herufi za Kiingereza na Kipimo cha Msomi



Mtoto wa Darasa la Kwanza aliyekwisha kujifunza irabu tano na silabi zake, ba be bi bo bu, akipanda basi kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba anaweza kuyasoma majina yaliyoandikwa njiani bila msaada wa mtu. Atasoma Kemondo, atasoma Muhutwe, atasoma Izigo, na mwisho atasoma Muleba yenyewe. Huenda asijue maana ya jina hata moja, lakini sauti itakayomtoka kinywani itakuwa ndiyo ile ile itamkwayo na wenyeji.

Mtoto huyo huyo akifungua kitabu cha Kiingereza ili ajifunze kuhesabu, hukutana na ajabu katika namba ya kwanza. Moja huandikwa one. Hakuna w hata kidogo katika neno hilo, walakini Waingereza hulianza kwa sauti ya w. Mbili huandikwa two. Hapo w imekaa katikati ya neno kama mgeni rasmi, na hakuna anayeitamka. Ni kana kwamba namba ya pili imeiazima ya kwanza sauti yake, ikabaki na herufi tupu. Akifika nane, eight, atazikuta g na h zimesimama pamoja nazo ni bubu. Hajafika kumi bado, na tayari kanuni aliyofundishwa na mwalimu wake, kwamba kila herufi ina sauti yake, imekwisha kuvunjwa mara tatu.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unaanza somo la Kiingereza katika Darasa la Kwanza. Maana yake ni kwamba kanuni na uvunjaji wa kanuni humfikia mtoto katika mwaka mmoja, naye bado hajaweza kutenganisha lipi ni la lugha gani. Jambo hili si dogo. Hapana budi lizungumzwe na walimu na wazazi kwa utulivu, pasipo kuikashifu lugha ya watu na pasipo kuisujudia.

Yafaa kwanza Kiingereza kitendewe haki. Herufi zake bubu hazikuwekwa na mtu mwenye nia ya kuwatesa watoto wa Ihangiro. Nyingi katika hizo zilikuwa zikitamkwa. Ile w ya two ilisikika zamani, na hata leo yasikika katika ndugu zake twelve na twenty. Neno one nalo lilikuwa na sauti ya o ya kawaida, ambayo imebaki katika only na alone. W iliingia kutokana na lafudhi ya sehemu moja ya Uingereza, ikaenea, na maandishi hayakuifuata. Zile gh za eight na night zilikuwa na sauti ya kooni iliyokaribiana na kh ya neno kheri kwa mtu aliyesoma chuoni. Wajerumani, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiingereza, wangali wakiitamka sauti hiyo katika Nacht, na k ya goti, ambayo Mwingereza ameinyamazisha katika knee, Mjerumani huitamka waziwazi katika Knie. Wazee wa Bukoba waliokaa na Wajerumani tangu boma lilipoanzishwa mwaka 1890 hadi Vita Kuu ya Kwanza waliisikia k hiyo kwa masikio yao. Wajukuu wao, waliosoma kwa Waingereza, walifundishwa kuiandika na kuinyamazia.

Mambo yalikwenda hivi. William Caxton alisimika mtambo wa kupiga chapa Westminster mwaka 1476. Wapiga chapa wakaanza kuyagandisha maandishi wakati ule ule ambapo irabu za Kiingereza zilikuwa zikihama kutoka mahali pake kinywani, uhamaji uliochukua takriban karne tatu. Sauti zikaondoka, herufi zikabaki. Wakaja wataalamu waliokipenda mno Kilatini, wakaongeza herufi ambazo hazikuwahi kutamkwa na Mwingereza yeyote: b ikatiwa katika debt, yaani deni, ili neno lifanane na babu yake wa Kilatini, s ikatiwa katika island, kisiwa, kwa kudhani kuwa neno hilo limetokana na Kilatini, na kumbe halikutokana. Kosa la mtaalamu likawa sheria kwa mwanafunzi. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilipotoka, mengi katika hayo yalikwisha kutulia, nayo ikayapa nguvu zaidi. Wamarekani walipunguza kidogo tu, kwa kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828, na ndiyo maana kitabu kimoja huandika colour na kingine color, na mwanafunzi wa Kagera anayevisoma vyote viwili huonekana kukosea popote atakapoegemea.

Wenye lugha hiyo wenyewe wamelalamika. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wosia wake fedha za kutengenezea alfabeti mpya, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ilipigwa chapa kwa alfabeti hiyo. Katika miaka ya 1960 shule nyingi za Uingereza zilijaribu kuwafundisha watoto wadogo kwa herufi za James Pitman, zenye kufuata sauti, ili baadaye wavukishwe kwenye maandishi ya kawaida. Majaribio hayo yaliachwa. Yatosha kukumbuka hapa kwamba Mwingereza mtoto, aliyeizaliwa lugha hiyo na kuinyonya, alionekana na walimu wake kuwa anaelemewa na mzigo wa kuiandika.

Tahajia ya Kiswahili haikuokotwa, ilikaliwa kikao. Lugha hii iliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Wamisionari walipoileta katika herufi za Kirumi, Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, alikuwa miongoni mwa waliofuata njia ya busara: konsonanti zisomwe takriban kama za Kiingereza, irabu zisomwe kama za Kitaliano. Kwa hiyo ch na sh ni mali ya Kiingereza iliyochukuliwa, lakini irabu za Kiingereza, ambazo ndizo zenye fujo, zikaachwa huko huko. Wajerumani walikuwa na mtindo wao. Katika ramani zao Mwanza ni Muansa, na Wachaga ni Dschagga, herufi nne kwa sauti moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ikaanza kuyalinganisha maandishi.

Tangu hapo kila neno la kigeni linaloingia huoshwa mlangoni. Schule ya Wajerumani ikawa shule. Driver akawa dereva, licence ikawa leseni. Jela ni mfano mzuri kuliko yote, kwa kuwa Waingereza wenyewe wameliandika neno hilo kwa namna mbili, gaol na jail, nazo zote mbili hutamkwa sawa. Mswahili hakushughulika na ugomvi huo, aliandika alichosikia.

Si kwamba Kiswahili hakina kasoro. Barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa vilevile, na mkazo ndio unaozitenga. Kihaya nacho ni lugha ya toni, na maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni hizo. Msomaji huzitia mwenyewe kwa kuwa anaijua lugha. Hakuna maandishi yanayoandika kila kitu. Tofauti ni kwamba katika lugha hizi mbili msomaji huachiwa kujaza palipopungua, na katika Kiingereza hutakiwa pia kufuta palipozidi.

Sasa, ndugu walimu, litazamwe daftari la mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Elimu ya msingi katika shule za serikali imefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi ameulizwa katika somo la Biolojia, ameandika nolej mahali pa knowledge, enaf mahali pa enough, nait mahali pa night. Kalamu nyekundu imepita juu ya kila neno, na pembeni limeandikwa neno la kuvunja moyo.

Mwanafunzi huyo amefanya nini hasa? Amelisikia neno vizuri. Amelipasua katika sauti zake. Kila sauti ameipa herufi yake kwa kanuni aliyofundishwa katika Darasa la Kwanza, na hakukosea hata herufi moja ya kanuni hiyo. Mtu asiyejua kusoma hawezi kufanya kosa la namna hii. Ni kosa la mtu ajuaye kusoma sana, isipokuwa anajua kwa kipimo cha lugha nyingine. Kumwita mbumbumbu ni kutoitazama kazi yake. Neno hana budi kusahihishiwa, maana enough itabaki enough hata watoto wote wa Kagera wakilia, lakini alama ya Biolojia aipate ikiwa amejua kazi ya figo.

Kuna kosa la pili lililo kinyume cha hilo, nalo halizungumzwi sana kwa sababu linasikika tu na haliandikwi. Mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza kwa macho huisoma island akiitaja s, na Wednesday akiitaja d ya katikati. Mara nyingi hakuyabuni hayo, ameyasikia kwa mwalimu, na mwalimu aliyasikia kwa mwalimu wake. Aidha ipo shida ya r na l, ambayo kwa wasemaji kadhaa wa mkoa huu hubadilishana nafasi, hata right ya kuume ikasikika kama light ya taa. Jambo hili huchekwa mno na watu wa mikoa mingine. Wachekao hao nao hawatengi ship na sheep, meli na kondoo, kwa kuwa Kiswahili kina i moja tu.

Ubishi huo wa r na l haukomei katika Kiingereza. Lugha ya mkoa huu imepata kuandikwa Oluhaya, Oruhaya, Luhaya na Ruhaya. Jina la mtu laweza kuwa Rwegasira katika cheti cha ubatizo na Lwegasira katika cheti cha shule. Mwingine ni Mutalemwa kwa baba yake, na Mtalemwa kwa karani aliyezoea Kiswahili cha pwani, ambacho huikata u baada ya m. Ni bahati kwamba vibao vya barabarani vimeuacha Muleba ukabaki Muleba na Muhutwe ukabaki Muhutwe. Zamani tofauti hizo hazikumdhuru mtu, kwa kuwa kijiji kilimjua kwa sura na kwa ukoo. Leo cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho cha taifa vikitofautiana herufi moja, mwenye navyo huambiwa akale kiapo kuthibitisha kuwa yeye ndiye yeye. Mtu aliyejua kuliandika jina lake tangu utotoni hulazimika kulipia hati ya kusema kwamba alijua.

Hapo ndipo linapozuka swali la kipimo. Ni nani anayehesabiwa kuwa anajua kusoma? Jibu limebadilika mara nyingi katika eneo hili kuliko watu wanavyokumbuka.

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda. Huko Buganda waongofu walikwisha kuitwa abasomi, wasomaji, kwa kuwa kuingia dini na kujifunza kusoma vilikuwa kitu kimoja. Kipimo cha msomi kilikuwa katekisimu. Baadaye kikawa kuweza kufanya kazi ya ukarani, na ukarani wa Waingereza ulitaka Kiingereza. Wengi hawakufika huko. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 wa nchi nzima walikuwa hawajui kusoma na kuandika.

Kilichofuata kinajulikana, ila sehemu ya mkoa huu husahauliwa. Kuanzia mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza, uliendeshwa katika mikoa ya ziwa, na Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa hadi 1979, ulikuwa mmojawapo. Vitabu vya kusomea viliandikwa kwa kufuata kazi za watu: pamba kwa wakulima wa pamba, uvuvi kwa wavuvi, migomba kwa watu wa migomba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 TANU ikaazimia ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Walioandikishwa walizidi milioni 5.

Ubora wa kampeni hiyo haukuwa katika wingi wa watu tu. Kipimo chake kilikuwa wazi. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 uligawa watu katika hatua nne. Wa hatua ya kwanza alikuwa amehudhuria sehemu kubwa ya masomo. Wa pili alitambua maneno na kuandika sentensi fupi. Wa tatu alisoma kwa ufasaha kidogo na kuandika ujumbe mfupi. Wa nne alisoma gazeti, akaweka hesabu zake, akaweza kujiendeleza mwenyewe. Hakuna hatua iliyomtaka mtu ajue herufi zinazonyamaza. Wasiojua kusoma wakashuka hadi asilimia 39 mwaka huo, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na 9.6 mwaka 1986.

Sensa ya mwaka 2002 ikaja kuwakuta takriban watu wazima 30 katika 100 hawajui kusoma. Wengine walidai kuwa takwimu za zamani zilipambwa. Neno hilo lisemwe kwa tahadhari. Ni kweli kwamba madarasa ya watu wazima yalififia, fedha zilipungua, magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza, hayakuwafikia tena wasomaji wapya, na asiye na cha kusoma husahau. Lakini pia vipimo havikuwa sawa. Kampeni ilimwita mtu ikampa mtihani. Sensa humwuliza swali, na mara nyingi anayejibu ni mtu mwingine wa nyumba hiyo. Mwaka 2022 wanaojua walionekana kufikia kama 83 katika 100.

Wakati huo huo, pasipo azimio la mtu yeyote, kipimo kingine kimepanda mitaani. Mama wa Kamachumu aliyehitimu kwa kitabu cha migomba, aliyeandika mwenyewe kilo za kahawa zake katika daftari, hupewa leo kopo la dawa lenye maelezo ya Kiingereza, na hutumiwa ujumbe wa simu wenye neno la Kiingereza katikati. Humpa mjukuu amsomee. Mjukuu humwambia jirani kwamba bibi hajui kusoma. Bibi huyo alifaulu mtihani wa taifa, na hakuna aliyemnyang'anya cheti. Kilichohamishwa ni mstari wa kumalizia mbio. Neno msomi nalo limehama pamoja na mstari huo. Lilianza na mtu wa katekisimu, na sasa humtaja mwenye shahada, hasa akiongea Kiingereza kwa haraka.

Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe vizuri kuliko sasa. Mtoto aambiwe mapema kwamba herufi zake ni kama makaburi ya sauti zilizokufa, na baadhi ya makaburi hayo hayana maiti. Aambiwe kwa nini two ina w, aonyeshwe twenty, naye hatalisahau neno hilo. Asikilizishwe kabla ya kusomeshwa, kwa redio ikiwa mwalimu hana hakika na matamshi yake. Kusoma kwa Kiswahili kutangulie na kukomae, maana mtu hawezi kufundishwa vighairi vya kanuni ambayo hajaishika. Kopo la dawa, ambalo si mtihani wa mtu, liandikwe Kiswahili.

Dodoso la sensa huuliza kama mtu anaweza kusoma na kuandika sentensi fupi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa zote mbili, au kwa lugha nyingine. Jibu hilo la mwisho halitajwi sana matokeo yanaposomwa. Ndimo angeingia mzee wa Bugabo aliyejifunza herufi katika katekisimu ya Kihaya na hakwenda mbele zaidi ya hapo, ambaye jina lake la ubatizo, Deogratias, huliandika bila kukosa, ingawa kanisani t yake hiyo haitamkwi kama t.